Usingoje Jino Liume: Saa ya Kuziba na Saa ya Kung'oa

Wagonjwa wengi wanaoleta jino bovu katika hospitali za misioni wanasema neno moja tu: "Ling'oe." Hawaulizi kama jino linaweza kupona. Wamekwisha kukata shauri nyumbani, usiku, kwa sababu ya maumivu. Na munganga, akiona watu wengi wanangoja inje, anashika koleo na kuling'oa. Mugonjwa anashukuru, anakwenda zake. Je, kazi imefanyika vema? Mara nyingine ndiyo. Lakini mara nyingi jino lile lingaliweza kukaa kinywani miaka mingi tena, kama mwenyewe angalikuja mapema, na kama munganga angaliuliza maneno mawili matatu mbele ya kushika koleo.

Neno tunalotaka kusema katika karatasi hizi ni hili: jino lenye ugonjwa lina saa yake. Kuna saa ya kuliacha na kulitunza. Kuna saa ya kuliziba. Na kuna saa ya kuling'oa. Mwenye hekima ni yule anayetambua saa hiyo, wala si yule anayejua kuvumilia maumivu kuliko wengine. Na saa ya kuziba ni mbele ya maumivu makali, si nyuma yake.

JINO LINAOZA NAMNA GANI?

Wazee wengi walifundishwa kwamba mududu anakaa ndani ya jino na kulila. Wengine wanachoma mbegu na kupitisha moshi kinywani ili mududu atoke. Mududu wa namna hiyo hayuko. Wako vijidudu vidogo sana wasioonekana kwa macho, wanaokaa katika utando laini unaoshika meno. Mutu akila sukari, vijidudu hawa wanaila pia, na kuigeuza kuwa asidi, yaani ukali kama ule wa ndimu. Ukali huo unayeyusha jino polepole. Kila mara mutu anapoonja kitu kitamu, ukali unaanza tena. Kwa hiyo mutoto anayekunywa chai ya sukari mara moja pamoja na chakula hapati hasara kama yule anayelamba bonboni tangu asubuhi hata jioni. Si wingi wa sukari tu unaoharibu, lakini wingi wa mara pia.

Jino ni kama nyumba yenye sehemu tatu. Ukuta wa inje ni mugumu kupita mufupa, nao hausikii maumivu. Ndani yake kuna ukuta wa pili, laini kidogo, wenye rangi ya manjano. Huo unaoza upesi. Na katikati kuna chumba chenye mishipa ya damu na ya maumivu. Ugonjwa ukiwa katika ukuta wa inje, mutu hasikii kitu. Ukifika katika ukuta wa pili, anashituka kidogo akinywa maji ya baridi au kula kitu kitamu. Ukiingia katika chumba cha katikati, usingizi unakimbia.

Basi muone: maumivu makali si mwanzo wa ugonjwa. Ni habari kwamba adui amekwisha kuvunja milango miwili. Mutu anayesema, "Jino langu lina tundu lakini haliumi, nitangoja," anafanana na mutu anayeona moshi katika majani ya nyumba yake na kusema, "Nitaamuka moto ukifika kitandani."

ALAMA NNE ZA KUTAZAMA

Alama ya kwanza ni doa jeupe kama chokaa, au doa la rangi ya udongo, lakini jino ni gumu bado na hakuna tundu. Jino kama hili lisitobolewe wala kuzibwa. Doa jeupe laweza kusimama na kuwa gumu tena, kama utando unaondolewa kila siku kwa muswaki na dawa ya meno yenye fluoridi, na kama sukari inapunguzwa. Hata tundu la zamani, jeusi na gumu, lisiloshika chakula na lisilouma, mara nyingine laachwa na kutazamwa tu. Kwa hiyo mukikutana na mutu anayetaka kutoboa kila doa jeusi ili apate bei yake, mukatae. Jino likikwisha kutobolewa haliwezi kurudi kama lilivyoumbwa.

Alama ya pili ni tundu la kweli. Chakula kinaingia, ulimi unasikia ukingo wake. Kitu cha baridi au kitamu kinaleta maumivu, lakini maumivu yanakwisha mara moja kitu kile kinapoondoka. Hii ndiyo saa ya kuziba! Chumba cha katikati ni kizima bado. Mutu wa namna hii asingoje mavuno yaishe wala mwezi upite. Waswahili wanasema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na kwa jino, ukuta ukianguka hakuna anayeweza kuujenga kama zamani.

Alama ya tatu ni maumivu yanayokaa. Mutu akinywa chai ya moto, jino linauma dakika nyingi nyuma yake. Au linaanza kuuma lenyewe, zaidi usiku wakati amelala. Mishipa ya ndani inakufa. Hapa kuziba juu tu hakutoshi tena. Njia ni mbili: kuondoa mishipa na kusafisha ndani ya mizizi, kisha kuziba, au kung'oa. Kusafisha mizizi ni kazi ndefu inayohitaji picha na vyombo vingi, nayo inapatikana zaidi katika miji mikubwa. Mwenye kuweza kufika huko aulize. Asiyeweza, asione haya kung'olewa jino. Tena ajihadhari: mara nyingine maumivu yanakoma yenyewe, naye anafurahi kwamba amepona. Hakupona. Mishipa imekufa, na vijidudu wanaendelea na kazi yao kimya.

Alama ya nne ni usaha. Kuna uvimbe, au kipele katika ufizi kinachotoa maji mabaya, au jino linauma likigongwa. Kuziba tundu la jino hilo na kuacha ubaya ndani ni kufungia mwizi ndani ya nyumba. Usaha utatafuta njia nyingine. Ikiwa mizizi haiwezi kusafishwa, jino hilo ling'olewe. Vidonge vya kuua vijidudu peke yake havimalizi neno hili. Vinatuliza uvimbe siku chache, lakini mulango ni wazi bado.

Na musikilize sana hapa. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, mutu akiwa na homa, akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vema, musingoje asubuhi. Mumulete hospitali saa ileile, hata usiku, hata kama ni siku ya Mungu. Usaha wa jino unaweza kufunga njia ya pumzi na kumuua mutu muzima mwenye nguvu. Watu wengi hawaamini kwamba jino linaweza kuua. Linaweza.

JINO LA MIAKA SITA

Katika habari za watoto kuna makosa mawili, nayo yanapingana. Wazazi wengine wanasema, "Ni meno ya utoto, yataanguka, tusijisumbue." Wengine wanataka kila jino la utoto lenye tundu ling'olewe upesi. Wote wawili wafikiri tena.

Meno ya utoto ni 20. Magego yake ya nyuma yanabaki kinywani hata mutoto awe na miaka 10 au 12. Ikiwa mutoto wa miaka minne ana tundu katika gego, analihitaji jino hilo miaka mingi bado. Likiachwa litamuuma, atakula kidogo, hatalala, hatasikiliza mwalimu. Na liking'olewa mapema sana, meno ya jirani yanasogea na kuziba njia ya jino kubwa linalokuja, litatoka limepinda. Lakini jino la mbele linalotikisika, ambalo litaanguka mwezi huu au ujao, halina haja ya kuzibwa. Basi swali la kwanza ni hili: jino hili lina kazi ya muda gani tena?

Sasa neno kubwa. Karibu na miaka sita, gego moja linatoka nyuma ya meno yote ya utoto, katika kila upande, juu na chini. Hakuna jino lililoanguka ili kulipa nafasi, kwa hiyo wazazi hawajui kwamba limetoka. Wanaliona, wanadhani ni jino la utoto. Sivyo! Ni jino la kudumu, na likipotea halitarudi. Lina mifereji mirefu juu yake inayoshika chakula, nalo ni jino linalooza kuliko mengine kwa watoto. Mara nyingi mutoto wa miaka 11 analetwa na gego hili limekwisha kuoza kabisa, na mama anashangaa akiambiwa kwamba jino lingine halitatoka. Kama tungeweza kulinda jino moja tu katika kinywa cha kila mutoto, tungechagua hili.

KUZIBA KUNAFANYWA NAMNA GANI?

Wengi wanaogopa kwa sababu wamesikia habari za mashini inayolia. Lakini iko njia isiyohitaji mashini wala umeme. Katika miaka ya 1980 wanganga wa meno waliianza Tanzania, jirani zetu, wakitafuta kuwasaidia watu wa vijiji. Munganga anatumia vyombo vidogo vya mukono. Anaondoa uozo laini, anasafisha kingo za tundu vizuri sana, kisha anajaza dawa nyeupe inayoitwa glasi-ayonoma. Dawa hii inashika jino yenyewe na kutoa fluoridi kidogo kidogo. Mara nyingi hakuna haja ya sindano. Mugonjwa asile muda wa saa moja, basi, amekwisha.

Mwaka 1994 Shirika la Afya la Ulimwengu, yaani OMS, lilianza kuitangaza njia hiyo katika inchi nyingi. Na mwaka 2021 liliandika dawa ya kuziba ya glasi-ayonoma, pamoja na dawa ya meno yenye fluoridi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Kwa hiyo asiseme mutu kwamba hii ni kazi ya maskini tu. Hata wanganga wenye mashini nzuri, siku hizi hawakwangui uozo wote ulio karibu na mishipa. Wanaacha kidogo na kuziba vema juu yake, kwa sababu vijidudu waliofungiwa pasipo chakula wanadhoofika.

Lakini tuseme kweli yote. Tundu dogo lililo upande mumoja tu wa jino, likizibwa kwa njia hii, kizibo kinadumu miaka. Tundu kubwa linalokula pande mbili au tatu ni shida. Kizibo chake kinaanguka mara nyingi zaidi. Kikianguka, musiseme kwamba munganga aliwadanganya. Rudini kizibwe tena. Hii nayo ni sababu ya kuja mapema: tundu dogo linazibwa kwa urahisi, kwa bei ndogo, na kwa muda murefu.

Kwa watoto wadogo sana wasioweza kutulia, iko dawa nyingine ya maji yenye fedha na fluoridi, inayopakwa juu ya uozo na kuusimamisha. OMS iliiweka katika orodha ileile mwaka 2021. Lakini inageuza mahali palipooza kuwa peusi kabisa, na weusi huo hautoki. Munganga amwonyeshe mama kwanza, naye akubali, asije akafikiri kwamba mutoto wake ameharibiwa.

Wengine wana vizibo vya zamani vya rangi ya fedha, vyenye zebaki ndani yake. Mwaka 2022 mataifa ya mapatano ya Minamata yalikubaliana kwamba vizibo hivyo visitiwe kwa watoto chini ya miaka 15, wala kwa wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha, isipokuwa munganga akiona lazima. Lakini kama kizibo chako cha zamani ni kizima, usikimbie kukiondoa kwa hofu. Kukitoboa kunatoa zebaki kuliko kukiacha.

KWA WALE WANAOSEMA KUNG'OA NI RAHISI

Tunajua maneno yao, nayo si ya upuzi. Wanasema: hospitali ni mbali, barabara ni mbaya, mahali pengine kuna vita, mutu akitembea siku mbili ataka neno liishe siku moja. Kung'oa kunamaliza, lakini kuziba kunaweza kuleta safari ya pili. Ni kweli. Mama mwenye tundu kubwa, asiyeweza kurudi tena mwaka huu, pengine kwake kung'oa ni vema kuliko kizibo ambacho kitaanguka mwezi ujao. Hatutazami jino peke yake, lakini mutu mwenye jino, na njia atakayopita.

Hata hivyo, kung'oa hakumalizi kama wanavyodhani. Jino la jirani linainama kuelekea penye nafasi. Jino la juu lililokosa mwenzake linashuka. Mutu aliyepoteza magego mawili matatu anahamisha kazi yote upande mumoja, na upande huo nao unachoka. Anaacha nyama, karanga na mahindi, anatafuta vitu laini. Na vitu laini vya sokoni mara nyingi ni vyenye sukari. Tena sababu ya ugonjwa haikung'olewa pamoja na jino. Kama muswaki haukuanza kazi na sukari haikupungua, jino la pili litafuata lile la kwanza.

Na kama jino ni la kung'olewa, ling'olewe mahali panapostahili. Musikubali koleo la mutu wa sokoni lililofutwa kwa kitambaa tu. Damu ya mutu mumoja inaweza kupeleka ugonjwa wa ini au SIDA kwa mwingine. Muna haki ya kuuliza kama vyombo vimepikwa kwa muvuke, na munganga mwema hatakasirika. Wala musitie asidi ya betri ndani ya tundu, wala musiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kinauchoma. Kimezwe kwa maji kama munganga alivyosema, lakini mutoto asipewe aspirini.

Kwa wenzetu tunaofanya kazi pamoja katika hospitali na dispanseri tunasema: tusipime kazi yetu kwa wingi wa meno yaliyo ndani ya ndoo. Tuulize kwanza. Maumivu yanakaa au yanakwisha mara? Yanaamusha usiku? Kuna uvimbe? Utaweza kurudi? Maswali haya yanakula dakika mbili tu, nayo yanaokoa meno mengi. Na katika inchi hii tunajua jinsi mashini zinavyoweza kupotea. Mwezi wa 9 mwaka 2002 hospitali ya Nyankunde katika Ituri ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na vyombo vya miaka mingi vikaporwa. Vyombo vya mukono vya kuziba meno vinaingia katika mukoba mumoja. Munganga anaweza kuvichukua penye watu wake, hata penye wakimbizi.

KAZI YA KANISA NA YA NYUMBA

Mutume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili wa mwenye kuamini ni hekalu la Roho Mutakatifu. Hekalu halibomolewi kwa sababu ya bati moja linalovuja. Wala hatungoji mvua yote iingie ndipo tutafute musumari. Kutunza jino ni sehemu ya utii, sawa na kutunza kisima na kunawa mikono.

Kanisa linaweza kufanya mambo matatu bila mali nyingi. Kwanza, kila mwezi wa 9 masomo yanapoanza, walimu watazame magego ya watoto wa miaka sita na saba, nao waandike majina ya wenye matundu. Pili, mashemasi wapange watoto wale waende hospitali pamoja siku moja, maana safari ya watoto kumi ni nyepesi kuliko safari kumi za mutoto mumoja mumoja. Tatu, bonboni zisiwe zawadi ya kila siku ya Mungu. Siku ya Noeli mutoto ale kitamu chake pamoja na chakula, afurahi. Lakini tusimufundishe kwamba kusikiliza Neno kunalipwa kwa sukari.

Nyumbani kila mutu asugue meno mara mbili kwa siku, zaidi sana mbele ya kulala. Tazameni kama neno "fluor" limeandikwa juu ya dawa ya meno. Hesabu nzuri ni 1000 hata 1500 ppm. Kwa mutoto chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje moja ya muchele kinatosha. Akiwa na miaka mitatu hata sita, kiasi cha njegere moja. Mukimaliza, muteme tu. Musisukutue kwa maji mengi, ili fluoridi ibaki. Asiye na muswaki atumie kijiti cha muti kilichotafunwa laini, nacho ni chema. Lakini kijiti hakina fluoridi, kwa hiyo apake dawa kidogo juu yake kama anayo.

Basi, leo jioni kabla mutoto wenu hajalala, mumwambie afungue kinywa chake karibu na taa. Muhesabu magego ya nyuma. Mukiona tundu, hata kama hasemi kwamba linamuuma, na zaidi sana kama hasemi, mumulete juma hili.